Mapacha wa Kwa Nabirye

Masese, Jinja

Mama yangu,

Assalaam alaikum. Goti lako linaendeleaje na mvua za huko Nakaloke? Na ng'ombe yule mkorofi, amezaa? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio umechafuka. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungesikia matusi tu.

Najua umeambiwa nilifukuzwa kazi ya boti kwa sababu ya kiburi. Sikia na ya kwangu.

Kile kisiwa tulichokuwa tunapeleka wageni kiko mbali. Ukitoka hapa Masese unavipita visiwa vya karibu vyenye mashamba na shule, halafu unabaki na maji matupu mpaka jua la utosi, ndipo unaona vilima viwili vilivyoungana kwa shingo ya mchanga. Kwenye ramani kinaitwa Simani. Wavuvi hulicheka jina hilo. Wanasema mzungu mchora ramani alimwuliza mpiga kasia kisiwa kinaitwaje, naye akajibu "simanyi", yaani sijui, mzungu akaandika hivyo hivyo.

Wenyewe wanakiita Kwa Nabirye. Nabirye kwa Wasoga ni mama wa mapacha. Serikali ya wakoloni ilipowahamisha watu wa visiwani kwa ajili ya ugonjwa wa malale, mama huyo alirudi kwa kujificha na wanawe wawili wachanga. Walifia huko huko. Akawazika penye ile shingo, kila mmoja na rundo lake la mawe, akakataa kuondoka tena. Aliyenieleza haya ni Mama Sanyu, anayeanika mukene, wale dagaa wadogo, pale pale kisiwani. Mama yake alikuwa mjukuu wa Nabirye, kwa binti aliyezaliwa baadaye, watu waliporudi visiwani.

Sasa bosi wangu alipokodi ufuo ule, akaweka kibao: Kisiwa cha Mapenzi. Akatunga hadithi kwamba mawe yale ni kaburi la kijana na mchumba wake waliojizamisha baada ya wazazi kuwakataza kuoana. Wageni wakawa wanakaa juu ya mawe, wanabusiana, wanapigwa picha. Wanamwaga bia hapo ili ndoa zao zidumu. Siku moja nilimwona mwanamume mzima anakojoa nyuma ya rundo moja, huku wenzake wanacheka.

Nilimwambia bosi kwamba pale wamelala watoto. Hakukasirika hata kidogo. Alinijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto:

"Twaha, mgeni hakuja hapa kulia. Mpe mapenzi."

Upole ule ndio ulionichefua zaidi.

Halafu mtembeza wageni wetu akaugua, nikaambiwa niendeshe boti na kusimulia mimi. Kulikuwa na bibi harusi, tayari amekaa juu ya mawe na gauni lake jeupe. Nikajaribu kuianza ile hadithi ya uongo, ulimi ukakataa. Nikawaambia ukweli wote. Bibi harusi akainuka taratibu, akavua viatu, sijui kwa nini, akauliza, "Walikuwa na majina?"

Nikamwambia kama walikuwa wavulana, basi ni Waiswa na Tenywa, maana mapacha wa Busoga majina yao yanawangoja. Akalia. Bwana harusi akamlalamikia bosi kwa simu tulipofika penye mtandao, na jioni ile ile bosi akanitaka nirudie yote niliyowasimulia, kisha akanipokonya funguo za injini.

Hilo silijutii. Kinachonitia kinyaa ni kilichofuata. Bosi alikaa akafikiri, akaona machozi nayo yanauzika. Kibao kikabadilishwa: Kisiwa cha Mapacha. Wageni wakawa wanauziwa mishumaa ya kuwasha juu ya makaburi, na Mama Sanyu akaombwa avae nguo za zamani awe anaomboleza mbele yao. Maneno aliyotumia bosi kuwasimulia ni yangu, Mama, neno kwa neno.

Nilipanda boti ya wauza samaki nikaenda kumwomba radhi Mama Sanyu. Nilimkuta na wanawake wenzake shingoni pale, wamejitwisha mawe vichwani, wanayapeleka majini na kuyatupa. Hakunisalimia. Alinionyesha rundo lililobaki, nikabeba nao. Tulipomaliza akafagia mchanga kwa tawi mpaka ukawa sawasawa kila upande, kisha akasema, "Sasa waje wawatafute."

Sasa hivi nabeba samaki wa wanawake hao. Ni kazi ya harufu, lakini usiku nalala.

Nisalimie shangazi muuza vitenge, mjomba dereva wa Mbale, na mdogo wangu wa mwisho, umwambie asome. Usiache dawa ya goti.

Ni mimi mwanao, mwenye kukuombea afya kila swala,

Twaha