Jina Ulilolitoa Kwenye Orodha

Brussels, Novemba 1993

Mama yangu uliyelala Moroni,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyotoka nayo Unguja ukanilea nayo, hata majirani walipotucheka kwamba sisi si Wangazija kamili. Kifaransa kilikuwa cha afisini kwako. Ukifika nyumbani ulikivua pamoja na viatu.

Nakumbuka siku za likizo ulizonichukua kazini. Nilikaa chini ya meza yako nikisikiliza mashine ya chapa ikigonga juu ya kichwa changu. Picha za wakubwa ukutani zilibadilishwa, mawaziri waliingia na kutoka, wewe ukabaki pale pale na karatasi zako. Uliwahi kuniambia, "Serikali ni karatasi, mwanangu. Asiyekuwemo kwenye karatasi hayupo." Nilidhani unanifundisha kuandika vizuri.

Visiwa vyetu havikuwa na chuo kikuu. Mtoto akimaliza skuli na kufaulu mtihani wa bakaloria, mbele yake ilikuwa bahari tu, na aliyevuka ni yule ambaye serikali iliandika jina lake kwenye orodha ya wanaopelekwa nje. Orodha hizo ulizichapa wewe.

Unamkumbuka Mwanaesha, mama? Najiuliza swali la kijinga. Mtoto wa Ma Hadija, ukuta mmoja na sisi, aliyekuja kila alasiri kusoma na mimi barazani. Mimi nilikuwa bado nachonga penseli, yeye ameshapata jibu. Ulitupa uji kwa vikombe viwili vya aina moja ili asijione mgeni. Siku moja ulisimama nyuma yetu ukatazama daftari lake, ukasema, "Wewe utakuja kutufundisha sote." Mimi nikanuna, ukanicheka.

Halafu ukaja ile siku na kuniambia, "Jina lako limo." Niliruka mpaka nikagonga taa. Wewe ulikwenda uani kunawa uso, ukakawia sana huko. La Mwanaesha halikuwamo. Ma Hadija aliacha kujibu salamu zetu, nami nikamwita hasidi mbele yako. Hukunikataza, wala hukuniunga mkono. Mwanaesha mwenyewe alikuja uwanja wa ndege, akanishika mkono, akaniambia, "Usiwe mvivu huko." Maneno yake yalikuwa hayo tu.

Ulipofariki nilipigiwa simu ukiwa umeshazikwa. Baada ya arobaini yako ndipo Bi Zaliha, mtu wa kwetu Moroni aliyekuja kumfuata mumewe hapa mtaa wa Anderlecht, akaniletea bahasha. Alinikuta saluni ninakofanya kazi Jumamosi, kwenye lile jengo la maduka mtaani Ixelles, nikifagia nywele. Niliijua mashine yako kabla sijaisoma barua: herufi "e" ilikuwa na tumbo lililoziba wino.

Uliandika kwamba mkubwa wako aliingia na jina la mpwa wake. Akakwambia, wanaokwenda kusoma hesabu ni wawili, mmoja atoke, na utamtoa wewe. Uliandika kwamba Mwanaesha alikuwa juu yangu kwa alama, tena mbali. "Nikaweka karatasi mpya kwenye mashine," uliandika, "na la kwake sikulichapa."

Maman Odette, mwenye saluni, ni mtu wa Bukavu. Aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa akanijia, akanisogezea kiti.

"Mutoto yangu, bon, ikala kwanza. Nani amekufa?"

"Mama."

"Lakini mama yako alishakufa. Alors, hii barua ni ya nani?"

"Yake."

Akachukua ufagio akamalizia mwenyewe.

Wiki mbili sikwenda darasani. Nililala chumbani nikikuchukia, halafu nikikumbuka kwamba umekufa, halafu nikikuchukia tena. Mwishowe Bi Zaliha akanipangia miadi: Jumapili, saa nne, kwenye duka la kaka yake Moroni lenye simu. Mwanaesha alikuja. Nilimsomea barua yako yote.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu jioni ile. Mama yako alikuja kwetu akapiga magoti uani. Mama yangu aliendelea kupepeta mchele mpaka mama yako alipoinuka akaondoka."

"Na bado ulikuja kuniaga?"

"Ulikuwa unaondoka. Ningekuona lini tena?"

Nikamwambia nitarudi.

"Urudi ufanye nini? Mimi nafundisha watoto wadogo, na sasa walimu tumegoma, skuli zimefungwa. Ukirudi hawatanipa mimi nafasi yako, watampa mpwa mwingine. Niandikie mnachosoma."

Basi kila Jumamosi nikitoka saluni nanakili masomo ya wiki kwa mwandiko safi, namtumia. Yeye anasoma barazani kwao, peke yake. Mwezi uliopita nilimpelekea hesabu niliyoitatua mwenyewe, niliyojivunia. Akanirudishia ukurasa mmoja. Salamu mstari mmoja, kisha: "Mstari wako wa tano hausimami. Tazama hivi." Na chini yake njia yake, fupi, iliyonyooka.

Nilimpelekea mwalimu wangu. Aliisoma amesimama, kisha akakaa akaisoma tena.

"Nani amefanya hii?"

"Rafiki yangu."

"Anasoma chuo gani?"

Mama, nilimwambia, "Hasomi popote." Akaniuliza kwa nini. Pale pale, mbele ya mzungu asiyekujua, sikuweza kukutaja. Nilisema kwetu nafasi ni chache. Ni kweli, na nilipolisema hilo nilisikia kwamba nimekuficha kama wewe ulivyonificha ukweli.

Nakuombea dua kila baada ya sala, wala sijakosa siku moja. Kusamehe bado sijaweza, na si mimi wa kwanza kuombwa. Ma Hadija yu hai, na mlango wake naujua. Nikimaliza nitakwenda kupiga magoti pale ulipopiga wewe, na kama atapepeta mchele nitangoja mpaka uishe.

Lala, mama. Mungu akupunguzie adhabu.

Mimi mwanao, uliyenichagua