Aliyeongea kwa Mdomo Wangu

Mumo mjukuu wangu,

Hapa Zombe tuko wazima, mbuzi wamezaa, na nyanyako bado ananinunia bila sababu. Unauliza utapataje Kiingereza kigumu cha kuwashinda wenzako shuleni. Umemuuliza bingwa.

Miaka ile ya thelathini nilikariri maneno marefu ya kamusi ya mwalimu. Maana yake sikujali. Kisha susu, yaani mama ya baba yangu, akaugua, akapigiwa ngoma za kilumi ili pepo aliyemshika aseme anachotaka. Pepo akaongea kwa sauti ya mwanamume, Kiingereza kitupu. Susu hakuwahi kuona darasa.

“Mjuaji, muulize anataka nini,” baba akaniambia. “Asipopewa, hamwachi huyu.”

Nikamwaga maneno yangu yote makubwa. Pepo akaniangalia kwa macho ya susu, akangoja. Mwishowe nikauliza kwa yale maneno madogo niliyoyaelewa. Akajibu: chumvi.

Susu alipoilamba, sauti yake ikarudi. Akanishika mkono.

“Mjukuu, na huyo aliyekuwa akiongea kwa mdomo wako, ameondoka?”

Tangu siku hiyo neno nisilojua maana silitamki. Nina machache kuliko wewe, lakini nikiongea najua ni mimi.

Babu yako, bingwa bado