Afande wa Darasa la Saba

Jumapili, Mbale. Mvua tangu asubuhi.

Shajara, leo sina hamu hata ya kukusalimia. Mvua ilianza kabla hatujatoka kanisani na mpaka sasa inapiga mabati ya chumba chetu hapa Namakwekwe, mama akitaka kusema kitu inabidi apaze sauti. Nilikuwa nimeapa kwamba habari za Ijumaa sitaziandika kamwe. Lakini nikinyamaza zinanijia zenyewe, hasa nikifumba macho, basi acha niandike labda moyo utapumua.

Nina rafiki mmoja tu katika mji huu mzima. Naandika kwa sababu sijui kama bado ninaye.

Kwa wewe uliyefika kwenye blogu hii leo: naitwa Mwende, nina miaka kumi na mitatu, na wazazi wangu ni Wakenya. Baba anaendesha lori, mama anauza mitumba. Mpaka mwaka jana tulikuwa Jinja, na kule Kiswahili hakikuwa jambo la kuzungumziwa. Majirani zetu wengi walikuwa Waislamu waliokizungumza, na mama alipiga nao soga uani tangu anapoanika nguo mpaka zikauke. Kwa Kiswahili nilitumwa dukani, kwa Kiswahili nilibembelezwa nikiugua, na fimbo nazo nilipewa kwa Kiswahili hichohicho.

Huku Mbale, siku ya kwanza nilipofungua mdomo, darasa zima lilicheka. Mvulana mmoja alinyoosha mikono juu akasema, "Afande, hapana piga mimi!" Nilidhani ni utani wa siku moja; sikujua kwamba huku Kiswahili kinahesabiwa lugha ya wanajeshi. Muhula mzima wa kwanza nilikaa peke yangu nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko, nikijifanya nasoma.

Khainza ndiye aliyekuja kukaa nami. Hakuuliza kitu. Alinimegea muhogo wake, akaanza kunisimulia visa vya babu yake, mzee aliyemlea kule Busiu tangu akiwa mchanga: jinsi anavyogombana na jogoo wake, jinsi anavyovaa koti hata jua likiwaka. Sasa Khainza anaishi na shangazi yake mtaa huu wetu kwa sababu ya shule, lakini ukimsikiliza utadhani moyo wake haujawahi kupanda gari kutoka Busiu. Ananiita "lafiki yangu". Sijawahi kumsahihisha, na yeyote atakayejaribu kumsahihisha nitagombana naye.

Halafu likaja igizo.

Mwalimu wetu wa muziki alitunga mchezo wa siku ya wazazi. Kuna kijiji, kuna familia inakula, halafu askari wa enzi zile jeshi lilipotawala nchi wanaingia. Alipouliza nani awe mkubwa wa askari, darasa zima lilinigeukia. "Huyu najua Kiswahili! Huyu nakuwa afande!" Mwalimu akacheka, akasema askari akiongea Kiingereza nani atamwogopa. Khainza akapewa kuwa binti wa ile familia.

Nakiri, nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipewa bunduki ya mbao na miwani ya giza, nikavaa buti za baba nilizojaza magazeti mbele. Mwalimu alinifundisha nisiseme Kiswahili cha mama, niseme kile cha kambini, kilichovunjikavunjika. Nikawa hodari. Watoto walewale waliokuwa wakinikimbia sasa walinigombania, "Afande, kaa hapa! Afande, tupigie kelele kidogo!" Jina lililokuwa linaniuma likawa tamu. Mtu akikaa na njaa ya marafiki muda mrefu, hachagui chakula.

Ijumaa wazazi walijaa chini ya hema. Mama yangu hakuja kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Babu yake Khainza alikuja kutoka Busiu, amevaa kanzu nyeupe na lile koti, akakaa mstari wa pili. Khainza alinionyesha kwa kidole tukiwa bado tumejificha nyuma ya pazia. Alikuwa na furaha mpaka hawezi kusimama pahali pamoja.

Niliingia na kishindo. "Wote lala chini! Mikono kichwa! Nani natingisika, mimi napiga!"

Waigizaji wakalala. Watu wakacheka na kupiga makofi. Halafu kicheko kikaongezeka, lakini hakikutoka mbele yangu, kilitoka pembeni, na wazazi walikuwa wakinyoosha vidole. Nikageuka. Yule mzee alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi katikati ya viti, mikono juu ya kichwa.

Nilidhani anacheza nasi.

Laiti ningeishia hapo. Lakini hema lote lilikuwa linacheka, na nilipenda kusikia vile watu wanacheka kwa sababu yangu. Nikamsogelea, nikamwelekezea ile mbao, nikasema, "Wewe mzee! Hapana tingisika!" Watu wakakaribia kuanguka vitini kwa kucheka.

Khainza aliinuka kabla ya zamu yake. Alitoka katikati ya mchezo akapiga magoti kando ya babu yake, akawa anamsemesha polepole kwa Kigisu, akimvuta mkono. Mzee hakuinuka. Uso wake ulikuwa umezama kwenye nyasi na mabega yalikuwa yakitetemeka. Hapo kicheko kikaanza kupungua, mstari kwa mstari.

Khainza akaniangalia. "Ambia yeye asimame," akasema. "Mimi, yeye hapana sikia."

Nikavua miwani. Nikainama nikamwambia, kwa sauti ambayo mama huitumia nikiwa na homa, "Simama, babu. Ni mchezo tu. Samahani, babu." Hakusogea hata kidole. Nilirudia. Nadhani alidhani ni mtego.

"Si hivyo," Khainza akasema, na sasa alikuwa analia. "Ile ingine."

Ikabidi nifanye. Nilisimama wima katika buti za baba, nikapiga kelele, "Wewe! Simama! Nenda nyumbani!"

Akasimama saa hiyohiyo. Nyasi zilikuwa zimemshika kwenye ndevu. Hakunitazama usoni. Alisema, "Ndiyo, afande. Asante, afande," akaondoka mbio, kanzu ikimsumbua miguuni, na Khainza akakimbia nyuma yake.

Sikumaliza igizo.

Leo baada ya kanisa nilipita kwa shangazi yake Khainza. Mvua ilinilowesha hadi chupi na sikujali. Shangazi alinikaribisha vizuri, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Aliniambia mzee amesharudi Busiu, anakula, anaendelea na kazi zake za shamba. Aliniambia kwamba zamani, kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, askari walifika kwao, na waliochelewa kulala chini hawakuamka tena. Mzee mwenyewe hajawahi kusimulia, shangazi alisikia kwa majirani. Wala hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba babu anajua Kiswahili. "Sisi tulidhani hapana jua hata neno moja, mwanangu," alisema, akatazama mlangoni.

Khainza alitoka chumbani. Nikamsalimia. Akanijibu kwa Kiingereza, kile safi cha darasani, kama anayejibu mwalimu. Tulizoea kuchanganya lugha zote tatu tukipigiana domo, na yeye alikuwa wa kwanza kuvunja Kiswahili changu tukacheka wote wawili. Leo alisimama na mikono nyuma akaniambia hana hasira na mimi, ila naomba, alisema, ukija hapa usiongee ile lugha. Nikaitikia kwa kichwa. Niliogopa hata kusema ndiyo.

Nimerudi nyumbani nikamkuta mama anatabasamu na simu yake. Mwalimu amemwandikia. Igizo letu litapelekwa mashindano ya shule, na sehemu ya yule mzee iliwapendeza wageni sana, kwa hiyo ataiingiza ndani ya mchezo. Mvulana mmoja atavalishwa kanzu na kukaa katikati ya watu. Mama alinikumbatia. "Kumbe nina nyota ndani ya nyumba na sijui!" Nilisema naenda kuvua nguo zilizolowa.

Dakika hii ameniita nile. Ameniita kama anavyoniita kila siku, "Mwende, njoo mama," na mimi nimeshtuka. Mama yangu mwenyewe. Nimekaa hapa kitandani nikiuma shuka ili asinisikie nikilia, kwa sababu akiniuliza nina nini, ataniuliza kwa Kiswahili.

Kesho asubuhi kabla ya kengele nitamrudishia mwalimu bunduki yake. Atanuna, na darasa litasema najidai. Sina shaka kwamba kufikia mapumziko hakuna atakayeniita nikae naye. Hilo naliweza, nimeshalizoea. Ninaloogopa ni kwamba nitafanya yote hayo na bado Khainza ataendelea kunijibu kwa Kiingereza.

Kabla sijatoka kwao leo nilimwomba kitu. Nilimwomba anifundishe kusema samahani kwa Kigisu, vizuri, kama mtu mdogo anavyomwambia mtu mzima, ili siku moja nikiruhusiwa niende Busiu nimwambie babu yake kwa maneno ambayo hayatamlaza chini. Khainza alitazama maji yanayotoka kwenye gauni langu yakienea sakafuni. Akasema, si leo.

Hakusema hapana. Kesho nitamuuliza tena.