Mume wangu anapima kwa vidole

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimechoka, na ninaposema nimechoka sisemi uchovu wa kulala ukaamka umepona. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, mteja akiingia tu mlangoni ameshajua kiuno chake bila kushika tepu, lakini macho yalipomshinda akaifunika cherehani akawa mtu wa kukaa nyumbani, na ndipo bomba la jikoni likaanza kuvuja. Nikasema tuite fundi bomba, akasema fundi ni mimi hapa, na tangu hapo ikawa safari za kwenda duka la vifaa hapa mtaani, kwa mama tunayemwita Mama Misumari, kufuata kimpira cha ndani ya bomba. Sasa mshauri, hataki kubeba kile cha zamani akakioneshe, anasema jicho lake linatosha, basi anapima kwa vidole viwili, anatoka navyo vimeachana hivyo hivyo, njia nzima hampi mtu mkono, lakini akikutana na watu wake wakapiga soga mpaka anafika dukani vidole vimeshasogea. Mama Misumari anamuuliza, "Baba, saizi gani?" Naye anainua vidole, "Hii hapa." Leo kimpira kinakuja kikubwa, kesho kidogo, na mimi nakinga ndoo, namwaga, nakinga tena, to, to, to, mpaka nalala na mto juu ya kichwa.

Siku alipokwenda kliniki ya macho nikakimbia kwa Mama Misumari nikamwambia nimeshindwa, akaniitia fundi bomba, fundi akatoa kimpira cha mzee, akaweka kingine, kazi kwisha. Nilikusudia kumwambia. Lakini aliporudi akakuta bomba kavu akadhani ni kile alichofunga yeye jana yake, akasimama pale jikoni akacheka, mshauri, kicheko ambacho sijakisikia tangu aifunike cherehani, akasema, "Mama, umeona? Bado nipo." Ungekuwa wewe ungejibu nini? Nikamwambia, "Hongera, baba."

Sasa ameutangazia mtaa mzima kwamba bomba kalitengeneza yeye. Kila asubuhi kabla ya chai analifungua bomba, analifunga, analitazama, halafu ndiyo anakaa. Na juzi binti yetu, mwenye mtoto anayetambaa, kapiga simu kwamba soketi ya sebuleni kwake inatoa cheche, na baba yake kamwambia asiite mtu, mwisho wa mwezi anakwenda mwenyewe. Nyaya zile zina rangi, mshauri, na huyu mzee soksi tu ananiuliza ipi nyeusi, ipi ya bluu. Nikisema ukweli namvunja, nikinyamaza nitazika mtu. Nifanyeje?

Ni mimi, Mama Ndoo.

*

Mama Ndoo, pole kwa ndoo, na pole kwa huo mto wa kichwani. Pole zimeishia hapo, sasa tusemane.

Mpigie binti yako leo. Azime umeme wa sebule, amtoe mtoto pale, aite fundi umeme anayeijua kazi yake. Hili halingoji mwisho wa mwezi wala ruhusa ya mumeo. Ulinyamaza kwa bomba, maji yalikusamehe. Umeme hauna huruma hiyo.

Kisha rudi kwa mzee. Unasema ukweli utamvunja, lakini hebu soma tena barua yako. Kila asubuhi analifungua, analifunga, analitazama. Dada yangu, mtu aliyeshona maisha yake yote haamki kila siku kuchungulia shati alilolimaliza, kuona kama mikono bado ipo. Kazi ya mkono wake anaijua. Nadhani anashuku ile si yake, na anangoja useme wewe. Wewe unailinda furaha yake, naye anaulinda uongo wako, na wote mmechoka.

Mwambie mkiwa wawili tu, mmekaa. Usianze na macho yake, anza na wewe: "Nilichoka, nikaita fundi, ukacheka, nikaogopa kukikatisha kicheko chako." Atanuna. Mwache anune, kununa hakujaua mtu.

Na usije ukamnyang'anya spana ukamrudisha kitini, maana hapo ndipo utakapomvunja kweli. Nyumba haikosi bawaba iliyolegea wala kitasa kinachogoma, na hivyo havina rangi za kuchanganya. Ila dukani mwende pamoja. Kifaa cha zamani kiweke mkobani mwako, na ule mkono wa kupimia, ushike wewe njia nzima. Akilalamika kwamba umemharibia saizi, mwambie, "Saizi iko mkobani, mkono huu ni wangu."