Karatasi Tatu Nilizozichora kwa Mkono

Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Asya, mtoto wa kaka yangu Hamad, kaja na karatasi kumi. Zile za QR — madoadoa meusi, unaelekeza simu, swali linafunguka. Jumatatu anasomesha mbele ya afisa wa elimu kutoka Wete. Miaka mitatu anajitolea skuli. Afisa akiridhika, jina lake linapelekwa kwenye ajira. Watoto watazunguka uwanjani na tableti, kila karatasi na swali lake. Ami, kasema, nibandikie kwenye mbao zisipeperuke. Nikamwambia umefika kwa mwenyewe: Maskati mie nikifungua makontena kwa hizi, mia kwa siku, macho nimefumba.

Moza, mke wangu, kacheka. Maskati ulikaa wiki mbili, tena ukiumwa.

Hana kumbukumbu huyu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimebandika kwa gundi ya unga wa muhogo, nikazianika uani kando ya jamvi la karafuu. Saa nane mvua — ghafla. Mie na Moza tukakimbilia karafuu. Nani hapa Shumba angeokoa karatasi kwanza? Karafuu zote ndani, kavu. Kurudi — mbao tatu wino umechuruzika, doa limeingia doa.

Moza: mwambie mtoto achapishe nyengine. Nimwambieje, na Maskati nshaitaja?

Nimechukua daftari la hesabu, lile la miraba, na kalamu nyeusi. Nikachora upya zote tatu. Palipofutika kabisa nimejaza mwenyewe, kwa uzuri. Kujaribu siwezi, simu yangu ya batani. Moza kasema zinapendeza kuliko za mwanzo. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Moza hanisifu.

Alasiri Asya kapita. Tayari, Ami? Tayari toka jana, nikasema. Kaniombea dua ndefu, mikono kainua. Sikuweza kumwangalia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Saba zimefunguka. Watoto mbio huku na huku, afisa anatabasamu, anaandika. Kisha yangu ya kwanza.

"Mwalimu, hii haisomi." Wakafuta kioo kwa shati. Haisomi. Ya pili, ya tatu — kimya.

Afisa kainama, kapitisha kidole. "Hii imechorwa kwa kalamu. Nani kachora?"

Mie nilikuwa hatua nne tu. Asya kaniangalia mara moja.

"Ni mimi, bwana," kasema Asya.

Sasa wako ofisini, mie nipo barazani na daftari langu. Yote yanasikika. Afisa anasema mwalimu wa kubahatisha hawezi kumwandikia barua ya ajira. Asya anasema samahani. Tena samahani. Mie niliyemnyamazisha nahodha wa Kigiriki kule Maskati mbele ya mabaharia wake — nimesimama mara mbili niingie niseme, mara mbili nimekaa.

Mlango umefunguka. Afisa kaniuliza, mzee, una shida gani hapa?

Bado naandika, kama sijasikia.