Ngozi Chini ya Nailoni

Jumatano, mvua tangu alfajiri. Tope la kambi limeingia mpaka kwenye soksi, na leo hata sijalalamika. Mimi ambaye kwa kulalamika sina mpinzani!

Leo nimeona ngozi ya mtu ikizaliwa.

Ngoja nieleze vizuri. Spesioza, mkimbizi kutoka Burundi, alimwagikiwa uji wa moto mikono yote miwili. Ameungua juujuu tu, lakini ana mtoto mchanga na hawezi kumpakata. Ananyonyesha huku jirani amemshikia. Hilo linamliza kuliko maumivu yenyewe.

Hapa zahanati, sisi wauguzi tumeona Daktari wetu ameletewa plasta mpya za kujaribu, nyembamba kama nailoni, unaona kidonda kwa ndani. Spesioza alikubali, tukaweka nailoni mkono wa kulia, na wa kushoto kitambaa cha gozi chenye vaselini kama siku zote, ili tulinganishe.

Lo, nilivyoibeza! Nilisema kidonda kikifungiwa hivyo kitaoza. Juzi maji ya manjano yakajaa chini yake, na mama yake Spesioza akaja juu: huo ni usaha, toeni hicho kitu, nimeshatafuta manyoya ya sungura. Nilimwelewa. Kwetu Mbuba nako ndiyo dawa ya moto, bibi alinibandika mimi mwenyewe. Nikanusa, nikapapasa pembeni. Hakuna harufu, hakuna joto. Nikamwomba mama tusubiri, kwa Kihangaza changu kinachosikilizana na Kirundi chake. Mdomo ulisema hivyo; moyoni bado nilihofu kitaoza.

Asubuhi hii nailoni imeanza kuachia yenyewe. Nimeivuta taratibu, nikisubiri kelele. Kimya. Chini yake ngozi changa, laini, imejifunga mpaka katikati.

"Mana yanje!" Mama akamwita Mungu wake, akapiga ishara ya msalaba, nami nikapiga yangu.

Mungu fundi, jamani. Sisi tulifunika tu, tukakaa pembeni.

Kisha gozi la kushoto. Limeganda. Tumelilowesha kwa maji ya chumvi, na bado Spesioza amelia na damu imetoka. Alipotulia akatazama mkono huu, akatazama ule, akasema kwa sauti ndogo, "Sista, na huu uwekee nailoni."

Daktari alishasema mkono wa kushoto usibadilishwe dawa hadi jaribio liishe. Nalijua hilo. Kama Spesioza asingekuwa ameona tofauti, ningemwambia avumilie. Lakini ameona, nami nimeona, na nje mwanawe alikuwa analia mgongoni kwa jirani.

Nimeweka.

Kesho Daktari ataniuliza mkono wa kulinganisha uko wapi. Akikasirika, na akasirike. Naogopa, lakini sirudi nyuma. Nitamwambia mkono ni wa Spesioza, na Spesioza ana mtoto.