Usiiwashe Kompyuta ya Baba

Mwanangu,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Vyombo uoshe, huzuni yangu haikupi likizo. Kompyuta ya baba yako usiiwashe, wala flashi yako usiichomeke humo. Waya nimeuchomoa mwenyewe. Nimekwenda benki wabadilishe namba za siri.

Asubuhi iliingia barua pepe yenye jina la baba yako, na faili limeandikwa “Picha zetu”. Najua, umeniimbia mpaka ukachoka: mama, usifungue kitu kama humjui aliyekituma. Sasa huyu ningesemaje simjui? Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, na picha zake zote hazifunguki tena.

Nimempigia fundi. Anasema wezi wameiteka anwani ya baba yako, maana marehemu habadilishi neno la siri.

~~Dada yako usimwambie.~~ Mwambie tu, ila leo asinicheke.

Usidhani nilisahau kwamba tulimzika. Nilikumbuka vizuri, na mkono ukaenda hivyo hivyo.

Ikija nyingine kwa jina lake, ifute kabla sijaiona. Ukiniachia mimi, nitaifungua tena.

Mama